Uzito wa Salamu

Siku mama alipowatangazia wanawake wa kikundi chake kwamba video yetu ina uzito wa gigabaiti nzima na zaidi, walipiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, na badala ya kusema neno nikatabasamu kama mtu aliyepewa tuzo. Ningeweza kuwasahihisha, maana mambo ya video ndiyo kazi yangu. Lakini nani atakataa makofi ya wanawake wa kwao?

Ili mtu asitucheke, ni lazima ajue tulikotoka. Kwetu, upande wa juu wa Kapsoit, mtoto anaijua mizani kabla hajajua kusoma. Majani yakishachunwa hupelekwa kituoni kupimwa, watu wote wanakodolea macho namba, na karani anapunguza kidogo kwa ajili ya maji kama mvua imenyesha. Kizito ni kizuri. Chepesi ni hasara, au ni ujanja wa karani. Sijawahi kumwona mtu akirudi nyumbani kutoka kituoni akiimba kwa sababu kapu lake lilikuwa jepesi. Kwa hiyo mama akisikia jina la kipimo chochote kile, swali lake huwa moja tu: ni nyingi?

Mimi natengeneza tovuti. Nimepanga chumba Kapsoit, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe imeingia mpaka kwenye pazia. Wateja wangu ni shule, hoteli ndogo, makanisa, na mzee mmoja anayeuza matangi ya maji ambaye anataka kila kitu kiwe cha bluu. Katika kazi hiyo, ninachokipenda zaidi ni kuweka video kwenye ukurasa, ikafunguka papo hapo, safi, bila kumtesa mtu. Na sina subira hata kidogo. Mama husema nilizaliwa kabla mkunga hajavua koti.

Kikundi cha mama ni cha wanawake wachache, majirani wote, kila mmoja na kipande chake cha michai. Majani mengi wanayapeleka kituoni kama watu wengine. Lakini kiasi fulani, yale machanga kabisa, wanabaki nayo na kuyatengeneza wenyewe katika jiko letu la zamani: wanayatandaza kwenye nyavu yanyauke, wanayasokota kwa viganja, wanayaacha yageuke rangi, kisha wanayakausha polepole. Chai hiyo ina harufu ya asali. Mama alikuwa ametuma pakiti ndogo kwa mwanamke mmoja mwenye duka la chai huko Ulaya, kwenye milima, na yule mwanamke akaandika kwamba ameipenda. Ila kabla hajaamua, alitaka kuona mikono. Wateja wake huuliza ni nani anasokota na anasokotaje, na hakutaka kuwajibu kwa picha za kuokota mtandaoni. Alikuwa anapima chai za wakulima kadhaa, na angechagua moja.

Baba naye alikuwa na mpango wake. Yeye amechoka na chai. Bei ikipanda leo inashuka kesho, na ng'ombe angalau akila anatoa maziwa. Alikuwa ameshaamua kwamba kipande cha chini, kile cha karibu na mto, king'olewe michai yote kipandwe nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe. Ni katika kipande hicho mama anakotoa majani ya kusokota. Nyanya yangu, mama yake baba, ndiye aliyekipanda, na mama alipoolewa akakikuta, wakakipalilia pamoja, wawili hao, mpaka nyanya alipofariki. Baba hakuwa na ubaya. Alisema wazi, mezani, mbele yetu wote.

"Huyo mzungu akichukua hiyo chai, sawa, michai ikae," alisema. "Asipochukua, mvua ikianza vizuri mimi natoa hiyo maneno yote. Hakuna mtu atasema sikuambia yeye."

Wiki iliyofuata akaleta vipande vya nepia vya kupanda kutoka kwa rafiki yake wa Sigor, akavirundika kando ya zizi, akavifunika kwa magunia na kuvinyunyizia maji kila asubuhi. Mama alikuwa akipita pale na ndoo ya maziwa, haangalii upande ule.

Basi mimi nikasema nitapiga hiyo video. Nilikuwa na picha kamili kichwani. Nilimwomba mwenzangu mmoja wa Kericho mjini, ambaye hupiga video za harusi, aniazime droni yake. Asubuhi ukungu ulipokuwa unainuka nikairusha juu ya kipande cha chini, ikapita polepole juu ya michai mpaka mtoni, na upepo ukivuma majani yakawa yanameta yote kwa pamoja. Nilipoitazama nilisisimka. Nikasema moyoni: huyu mwanamke wa Ulaya akiona hii, hataki kuona kingine.

Wanawake wakaja wakiwa wamevaa vizuri mno kwa kazi ya kusokota majani. Vitambaa vipya vya kichwa, sweta za kanisani. Mwenyekiti wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akawapanga mstari mbele ya ukuta wa jiko la zamani. Nikamwambia waingie ndani waanze kusokota, mwanga ni mzuri.

"Tunaanza na maombi," akasema.

Wakaomba. Maombi hayakuwa mafupi. Nikasema haya, sasa mikono.

"Bado salamu," akasema mwenyekiti, akinitazama kama mtu aliyekosa malezi.

Kila mmoja akapiga hatua mbele, akasimama wima, mikono imenyooka kando ya mwili, akasema chamgei, ndiyo hamjambo ya kwetu, akajitaja, akasema ameolewa boma gani, mlima gani, ana watoto wangapi na mkubwa yuko wapi. Mmoja akataja na ng'ombe wake. Mwingine akatoa pole, kama huko Ulaya kuna baridi. Walipofika mwisho, yule wa kwanza akakumbuka kwamba hakumtaja mjukuu, akarudia. Nilikuwa nimeweka kamera juu ya miguu yake mitatu na sikuigusa. Nilikuwa nahesabu betri tu. Nilijua nitakata yote hayo.

Baadaye ndipo wakasokota, na hapo nikasahau hasira. Nilisogeza kamera karibu na viganja vya mama. Mikono yake ina mistari myeusi iliyoachwa na utomvu wa chai, haitoki hata kwa sabuni ya mche, na majani yalikuwa yanazunguka katikati ya viganja hivyo yakitoa maji ya kijani, polepole, bila kukatika. Sikuwahi kumtazama mama kwa karibu namna ile. Nikapiga kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Nilipoiunganisha, nikaacha salamu ndani kwa ajili ya kuwaonyesha wanawake kwanza, ili wasinune, nikaihifadhi video kwa ubora wa juu kabisa ambao kompyuta yangu inaweza. Ndiyo ile gigabaiti iliyopigiwa makofi. Walipoipenda vile, nikaona haya kuikata. Nikaipandisha kwenye tovuti yao kama ilivyo. Mwalimu wa kuogelea akazama mwenyewe! Mteja wangu yeyote angefanya hivyo ningempigia kelele.

Jibu la mwanamke wa Ulaya lilikuja kwa upole. Aliandika kwamba amejaribu kufungua video asubuhi, akajaribu tena mchana, na ameona duara linalozunguka tu. Mtandao wa kijijini kwao, huko milimani, si mzuri. Je, ningeweza kumsaidia? Siku zinakwenda, na angependa kufanya uamuzi wake mwisho wa juma.

Niliusoma ujumbe huo mara nyingi. Nilikuwa nimedhani Ulaya nzima mtandao unamwagika kama maji ya bomba. Kumbe na wao wana milima yao, na huko juu wanainua simu hewani kama shangazi yangu wa Siongiroi.

Nilimwambia mama. Alienda akasimama dirishani. Kutoka pale unaona zizi, na kando ya zizi lile rundo chini ya magunia. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha kila alasiri.

"Punguza bei," akasema mwishoni.

"Si bei, mama. Video ni nzito. Lazima niipunguze uzito."

Akageuka. "Unapunguza? Si walipiga makofi?"

"Walipiga makofi kwa makosa."

"Unakuwa kama karani sasa. Majani ni ya mtu, amechuna na mgongo yake, wewe unasema ni maji, unatoa." Alikuwa ameumia kweli, na mimi sikujua nianzie wapi kumweleza. Nikajaribu kusema kwamba ni kama kunyausha majani, unatoa maji lakini jani linabaki. Akanijibu kwamba ukinyausha vibaya jani linaungua, na akaenda kukamua.

Nilirudi Kapsoit nikafanya kile ambacho mtu mwenye haraka hufanya. Nilichagua uzito mdogo ambao ningeutaka, nikaiambia programu: usizidi hapa, bana kila kitu kiingie. Ikabana. Video ikawa nyepesi. Nikairudisha nyumbani kwenye simu kumwonyesha mama kabla sijaituma, kwa sababu niliona afadhali anione ninavyofanya kuliko afikiri namwibia.

Akaitazama akiwa amekunja uso. Ile sehemu ya droni, ambayo ndiyo iliyofungua video, ilikuwa imegeuka vigae vya kijani vinavyorukaruka, kama ugali uliopikwa na maji machache. Salamu zikapita vizuri. Kisha viganja vyake vikaja, vikiwa vimelainika, vimefutika, havina mstari hata mmoja. Vilionekana kama vidole vya mshumaa.

"Hii si mikono yangu," akasema.

Na ilikuwa kweli. Yule mwanamke aliomba kitu kimoja tu, kuona mikono, na mimi nilikuwa nimeifuta.

Tukagombana hapo jikoni. Nikamwambia njia ni moja, salamu zitoke. Ni ndefu, zinachukua nusu ya video, zinakula nafasi ya mikono. Maombi pia. Mzungu hana shida na mjukuu wa mtu.

"Mgeni akija kwako," mama akasema, "unamwambia habari ya majani kabla hujamsalimia?"

"Huyu hajaja, mama. Yuko kwenye simu."

"Hata kwa simu unasalimia kwanza. Ama wewe ukipiga simu unaanza na shida?"

Kusema kweli mimi huanza na shida, na watu wote wanalijua hilo.

"Ukitoa wale wamama," akaendelea, "toa na mimi. Siwezi kuonekana peke yangu kama mtu hana watu."

"Nitazitoa," nikasema. "Ama mpate michai, ama mpate salamu." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Baba, aliyekuwa nje akinyunyizia rundo lake maji, akainua kichwa.

Nilirudi chumbani kwangu nikiwa na hasira ya mtu anayejua yuko sahihi. Nilitaka hata ushahidi. Niliamua kuikata video vipande, droni peke yake, maombi na salamu peke yake, mikono peke yake, nikabane kila kimoja kwa kiwango kilekile cha ubora. Safari hii sikuiwekea programu mpaka wa uzito. Niliiambia: hakikisha jicho linaona vizuri, halafu wewe mwenyewe uamue itachukua kiasi gani. Nilitaka kumwonyesha mama kwa namba jinsi salamu zao zilivyo mzigo.

Duka la chini lilikuwa na wateja, mtu mmoja akibishana juu ya dawa ya minyoo, nami nimekaa nikingoja. Vipande vikaisha. Nikasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta.

Droni, ile fupi, ilikuwa imekula karibu uzito wote. Mikono ilikuwa na uzito wa wastani. Salamu, pamoja na maombi, pamoja na mjukuu aliyerudiwa, pamoja na ng'ombe, zilikuwa nyepesi kiasi kwamba nilidhani kipande kimekatika. Nikakifungua. Wanawake wote walikuwepo, safi, mpaka nyuzi za vitambaa zikionekana.

Nilicheka peke yangu, kwa nguvu, mpaka wale wa chini wakanyamaza.

Na jambo lenyewe nililijua! Nimewafundisha hata watu wengine. Video si picha nyingi zilizopangwa foleni. Inahifadhi picha moja kamili, na baada ya hapo inahifadhi kilichobadilika tu. Ukuta usipotikisika, ukuta hauandikwi tena. Wanawake wale walisimama wima, kamera yangu haikuguswa kwa sababu nilikuwa nimenuna, na kilichobadilika ni midomo tu na macho. Lakini shamba la chai kwenye upepo, kamera ikipaa, ukungu ukisogea, kila jani linameta kwa wakati wake: hapo hakuna kinachokaa. Kila kitu ni kipya kila mara, na chote lazima kiandikwe. Mzigo ulikuwa ni ile droni yangu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nilikuwa nimeitembeza angani.

Nikaitoa droni. Kwa heshima yake nikabaki na picha moja tu ya shamba, isiyosogea, ndiyo inayokaa kwenye ukurasa kabla mtu hajabonyeza. Baada ya hapo mikono ikapata nafasi yake yote. Nikaipunguza video ukubwa, kwa sababu hakuna mtu anayetazama viganja kwenye simu kwa upana wa ukuta wa kanisa, nikaibana tena, na mistari ile myeusi ikarudi kwenye viganja vya mama, mmoja mmoja.

Kulikuwa na kosa lingine ambalo kiburi kilinisahaulisha. Ndani ya kila faili ya video kuna kitu kama ramani, kinachoieleza simu nini kiko wapi. Programu nyingi huiandika ramani hiyo mwisho, kazi ikishaisha, na inabaki hukohuko mwisho. Simu yenye mtandao dhaifu inaweza kulazimika kuvuta mzigo wote kabla haijaonyesha hata picha moja, kama mgeni anayezungushwa boma zima akitafuta mlango. Kuihamishia mbele ni kubonyeza alama moja tu. Nikaibonyeza.

Nilimpigia simu shangazi wa Siongiroi. Simu yake ina ufa kutoka kona hadi kona, na kwake mtandao hushika vizuri ukisimama karibu na tangi. Lakini ilikuwa siku ya soko la mifugo na alikuwa huko; nilisikia mbuzi nyuma yake. Nikamtumia kiungo cha ukurasa nikamwambia abonyeze na aniambie kila anachokiona.

"Naona shamba," akasema. Kisha, kabla sijavuta pumzi: "Wanaomba." Akanyamaza kwa heshima mpaka maombi yakaisha. "Ee, huyu ni mama ya nani? Amenenepa! Huyu namjua, tuliimba kwaya na yeye. Chamgei mising!" Alikuwa anawaitikia, mmoja baada ya mwingine, katikati ya soko, na mimi nikamwacha amalize wote. Kisha akasema taratibu, "Huyo sasa ni mama yako. Hapa hata sura haionekani, ni mikono tu. Ni yeye."

Nilishusha simu. Nilikaa chini kwenye sakafu, nimeegemea kitanda, nikaona raha mwilini kama mtu aliyetua kapu lililojaa. Sikuwa nimejua jinsi nilivyoogopa.

Nilikwenda nyumbani kumweleza mama kabla sijamwandikia yule mwanamke. Alikuwa jikoni anageuza majani kwenye nyavu. Nilimwambia yote: salamu zimebaki, maombi yamebaki, kilichotoka ni droni yangu, na ramani sasa iko mlangoni. Alisikiliza bila kuacha kugeuza.

"Kwa hivyo hata hiyo simu," akasema, "inataka kusalimiwa kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Na watu wangu si wazito."

"Hawana uzito kabisa."

Akacheka mpaka akafuta macho na kona ya leso. Halafu akanipa kikombe cha mursik, maziwa yetu ya mgando, jambo ambalo kwa lugha yake ni msamaha na pongezi pamoja. Tukatuma ujumbe tukiwa tumekaa hapo.

Kisha tukangoja. Mvua ilikuwa sasa inashuka vizuri, ile ya kupandia. Baba alinoa jembe. Hakulitaja jambo hilo hata mara moja, na mama naye hakulitaja, na chakula kikaliwa kwa adabu nyingi kuliko kawaida. Siku ya mwisho ya juma nilikuja mapema, nikamkuta mama amekaa na simu yangu ya zamani, ile niliyomwachia, ameishika kwa mikono miwili.

"Imekuja kitu," akasema. "Lakini inazunguka tu."

Nikatazama. Yule mwanamke hakuwa ameandika barua. Alikuwa ametuma video. Ilikuwa nzito kupita kiasi, ndefu, imepigwa kwa simu na kutumwa kama ilivyo, na duara lilikuwa linazunguka kwenye kioo cha mama kama lilivyozunguka kwenye chake. Nikamwambia anipe, niende nayo Kapsoit, nitaibana iwe nyepesi nimrudishie.

"Wacha," akasema mama. "Usitoe kitu. Nitangoja yote."

Tukangoja. Baba akaingia kuchukua kofia yake ya mvua, akaivaa, akatuona tumeinamia simu, akasimama nyuma yetu. Duara likazunguka. Mama hakuinua macho. Nilisikia pumzi za baba juu ya kichwa changu.

Ikafunguka. Mwanamke wa makamo, nywele zimekatwa fupi, amesimama mbele ya ukuta wa mbao. Amesimama wima, mikono imenyooka kando ya mwili, kama vile mwenyekiti wetu ndiye aliyempanga. Akasema chamgei. Alilisema vibaya, lakini alikuwa amejifunza. Kisha kwa Kiingereza, polepole, akajitaja, akasema yeye ni binti ya nani, anatoka kijiji gani, mlima wake unaitwaje. Ana watoto wawili, mkubwa anafanya kazi ya useremala. Mama yake bado yuko hai na anapenda chai kali. Ndiyo, baridi ipo, na asante kwa pole. Nilikuwa natafsiri kila sentensi, na mama alikuwa anaitikia kila salamu kwa sauti, kama mtu yuko mezani. Nilipogeuka nikaona baba amevua kofia aliyokuwa ameivaa sasa hivi.

Alipomaliza watu wake wote ndipo akafika kwenye chai. Alisema ameitazama mikono ile mara nyingi, ameionyesha na mama yake. Angeichukua chai ya kikundi msimu huu, na msimu ujao tena, kama wenyewe wako tayari.

Nikatafsiri. Mama akashika mdomo. Mimi nililia, sioni aibu kulisema, nililia kama mtoto aliyepatikana sokoni. Baba akavaa kofia yake, akatoka.

Baada ya muda mfupi tukasikia panga. Lilikuwa linapiga, linanyamaza, linapiga, upande wa chini wa boma. Mama aliniangalia, na furaha yote ikaondoka usoni mwake. Nilikimbia nje kwenye mvua bila viatu.

Baba alikuwa kando ya zizi, magunia ameyatupa pembeni, ameinama juu ya gogo akikatakata vipande vyake vya nepia, vyote, na kumtupia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa anakula kwa pupa.

"Zilikuwa zinakauka," akasema bila kunitazama. "Heri yeye akule."

Nikabaki pale nikilowa. Ndani, mama alikuwa amerudisha video mwanzo, na nikamsikia akiitikia salamu upya.